Kufundisha Kwaya Bila Kuimba

Ijumaa, baada ya misa ya asubuhi, direkta Léonce aliniita shuleni, akaniambia mambo matatu akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Kwanza, saa ya kwaya ambayo marehemu mume wangu Namegabe alikuwa anaifundisha kila Jumatano haijapata mtu tangu alipofariki. Pili, kamati ya wazazi inaitaka ile saa kwa ajili ya somo la hesabu. Tatu, mimi niliimba alto pembeni ya Namegabe miaka kumi na tisa kwenye kwaya ya parokia, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuishika ni mimi.

"Uanze Jumatano hii," akasema. "Saa nane mpaka saa tisa. Mi nitaingia saa tisa kasoro robo na mzee mmoja wa kamati. Tukikuta watoto wanaimba wimbo mmoja mzima, kwa maneno yake, saa ni yako mpaka mwisho wa mwaka. Tukikuta makelele, Mama Trésor, usinikasirikie. Tutawapa watu wa hesabu."

Nikasema sawa. Sikufurahi na sikuogopa. Tangu mwezi wa tisa, tulipomzika Namegabe, vitu vinanipita hivyo. Mtu anasema jambo, ninalisikia, ninalishika vizuri kichwani, halafu ndani hakuna kinachosogea. Lakini ile saa niliitaka. Namegabe aliiomba miaka minne kwa direkta wawili mpaka akapewa, na sikutaka ifutwe kwenye ratiba kwa kitambaa cha ubao. Hilo nililijua kwa akili, kama unavyojua kwamba chumvi imeisha nyumbani.

Shida ilikuwa kilio. Kwetu Bukavu, mjane haimbi mpaka familia ya mume iondoe kilio. Warundi nao wana siku yao, wanaiita kuganduka. Mjane anasali, anaitikia misa, lakini kuimba, hapana. Kuondoa kilio cha Namegabe kulikuwa kumepangwa mwezi wa saba, na sisi tulikuwa mwezi wa kwanza. Basi Jumamosi nikapanda basi mpaka Kinanira, kwa Akilimali, kaka mkubwa wa mume wangu. Hapa Bujumbura yeye ndiye mkubwa wa familia. Nilienda kumwomba kwa sababu ndivyo inavyofanywa, si kwa sababu nilitegemea kitu.

Nilimkuta barazani anakata kucha za miguu.

"Shemeji," nikamwambia, "hamuwezi kusogeza kilio kidogo? Shule inanitaka nifundishe kwaya."

"Kusogeza? Watu wa Bukavu wamekwisha kuambiwa mwezi wa saba. Niwapigie simu niseme nini? Kwamba muke wa Namegabe ana haraka ya kucheza?"

"Si kucheza. Ni watoto wa shule."

"Fundisha. Nani alikukataza kufundisha? Lakini sauti yako isisikike. Siku mutu ataniambia alikusikia unaimba, mi na we tutakutana mbele ya familia."

Mke wake akacheka kutoka jikoni. "Kwaya bila kuimba! Basi umupeleke akafundishe watu kuogelea juu ya kapeti."

"Na wewe uangalie maharage yako," Akilimali akamwambia.

Nikamshukuru, nikateremka. Sikumwambia jambo moja, na hapa nitalisema. Katazo lake lilinifaa. Tangu maziko nimejaribu mara mbili kuimba nikiwa peke yangu. Mara ya kwanza nilikuwa naosha vyombo. Mara ya pili nilibaki kanisani baada ya rozari, watu wote wametoka. Nilifungua kinywa nitoe alto ya wimbo ninaoujua tangu komunyo yangu ya kwanza, ikatoka pumzi tupu. Koo haliniumi. Machozi hayakunijia. Hakuna kitu tu. Jumapili ninasimama na midomo imefungwa, na watu wanaambiana angalia anavyoheshimu kilio. Mungu anajua. Nimemweleza, na bado hajanijibu.

Jumapili mchana nikakaa na jirani yangu Zubeda kupanga ile siku. Tunaishi ua mmoja Cibitoke miaka kumi na moja, mlango wake na wangu inatazamana. Zubeda ni Mwislamu na yeye pia ni mjane, tangu zamani. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Sisi eda ni miezi minne na siku kumi," akasema. "Siku ya kumi na moja nilikuwa saluni nasukwa. Ninyi mnangoja wakubwa wakutane, na wakubwa wanangoja mbuzi anenepe."

"Ni mila, dada Zubeda."

"Najua ni mila. Mi nasema tu huyo mbuzi wenu amekonda sana."

Nilikuwa na daftari la Namegabe. Ukurasa wa siku ya kwanza aliuandika kwa bic nyekundu: kusimama, pumzi, sauti, maneno, wimbo, na dakika pembeni ya kila kimoja. Chini aliandika: mimi ninaimba mstari, wao wanarudia. Ndivyo alivyofundisha siku zote, hata wakubwa parokiani. Hakuwapa karatasi. Alisimama mbele, akasema tazameni kinywa changu, akaimba, wakarudia. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kupita pembeni ya kila mahali alipoimba yeye.

"Sauti ya kuanzia utaitoa wapi?" Zubeda akauliza.

Hilo nililipata upesi. Kengele ya shule ni janti ya lori, chuma cha gurudumu kimetundikwa verandani, wanakigonga kwa nondo. Namegabe alisema ile janti ina sauti moja isiyobadilika, na nyimbo za watoto alizianzia hapo. Nikaandika: sauti, nitagonga janti, watoto wataishika. Maneno nitayaandika ubaoni. Wimbo utakuwa ule mfupi aliowatungia wanaoanza, mistari minne:

*Mvua yatoka Gihosha,*
*mama, anua nguo,*
*yapita Cibitoke,*
*yaenda ziwani kulala.*

Watoto ishirini na sita wa mwaka jana walikuwa wanaujua. Wageni kumi na tano wangewafuata wenzao. Mimi ningeongoza kwa mkono.

"Nionyeshe huo mkono," Zubeda akasema.

Nikamwonyesha. Mkono ukipanda, sauti inapanda. Kidole kikifunga, wananyamaza. Akafuata kwa mdomo, la la la, na mkono wake pia ukaanza kupanda, ungo ukainama, mchele ukamwagika kwenye mkeka.

"Astaghfirullah, umenitia kwenye kwaya ya misheni!" akasema, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Enda, Mama Trésor. Hao watoto wataimba. Hata mi nimeimba."

Nikaokota mchele pamoja naye. Niliona kwamba ilikuwa inachekesha.

Jumatano nilifika saa saba na nusu. Niliandika maneno ubaoni, nikapanga mabenchi nusu duara. Saa nane wakaingia arobaini na mmoja. Walitazama kitambaa changu cheusi, wakanyamaza bila kuambiwa. Nikawafundisha kusimama, miguu imeachana kidogo, mabega chini. Nikawafundisha pumzi, mkono juu ya tumbo. Nikatoka verandani, nikagonga janti mara moja, nikarudi, na wote wakaishika ile sauti kwa mmm, safi kabisa. Tukasoma maneno ya ubaoni kwa kusema, mara tatu. Kila kitu kilienda kama kwenye daftari. Ilikuwa saa nane na nusu.

Nikainua mkono tuanze wimbo. Wote wakaimba mmm.

Walishika wimbo wenyewe, sauti ilipanda na kushuka mahali pake, lakini midomo ilikuwa imefungwa. Wale ishirini na sita walinikazia macho usoni. Wale wageni waliwakazia macho wale ishirini na sita. Nikafunga kidole, wakanyamaza.

"Vizuri. Sasa kwa maneno."

"Ndiyo, mwalimu."

Nikainua mkono. Mmm.

Nikawaonyesha ubao. Nikagonga kila neno kwa rula. Mmm, mmm, mmm, na kila rula ilipogonga wao wakakaza ile mmm zaidi, kana kwamba ninawasifu. Msichana mmoja wa mbele, Benite, alikuwa amekunja uso kwa bidii. Nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro dakika ishirini.

"Benite, kwa nini hamfungui kinywa?"

"Wewe umefunga, mwalimu."

"Nimewaambia imbeni kwa maneno."

"Ndiyo. Lakini umesema na umefunga. Si ni mtihani?"

"Mtihani gani?"

Akawageukia wenzake kama mtu anayeogopa kutoa siri. "Mwalimu Namegabe alikuwa anasema pandisha, halafu mkono wake unashuka. Anasema imbeni, halafu anafunga kinywa. Alisema masikio yanadanganywa, tutazame kinywa chake tu. Mwenye kudanganyika anakaa chini mpaka mwisho."

"Mi sijakaa hata mara moja," akasema mvulana wa nyuma aitwaye Loïc.

"Uwongo! Ulikaa mara mbili!"

Nilisimama pale na rula mkononi. Ule mchezo niliujua. Namegabe aliwachezea hata watu wa tenor pale parokiani, watu wenye ndevu, wakakaa chini mbele ya wake zao. Miaka kumi na tisa niliuona, na nilipopanga siku yangu sikuukumbuka. Niliweza kuwaambia leo si mtihani. Nikawaambia. Wakatazamana, wakatabasamu, kwa sababu hata hayo Namegabe alikuwa anayasema.

Nikasikia viatu verandani. Direkta Léonce akaingia, na nyuma yake mzee Radjabu wa kamati, fundi wa magari, kofia yake nyeupe kichwani. Wakasimama ukutani, pembeni yangu kidogo. Direkta akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi.

Nilipima jambo hilo kama ninavyopima kila kitu siku hizi, polepole na bila joto. Nikiwaacha hivi, hawa wawili watasikia mmm, na Jumatano ijayo mahali hapa patakuwa na hesabu. Akilimali alikataza sauti. Kinywa hakukitaja. Lakini kinywa chenyewe sikuwa nimekifungua kwa wimbo tangu ile siku kanisani, na sikujua kama kitakubali mbele ya watu.

Nikaweka rula mezani. Nikainua mkono, nikafungua kinywa. *Mvua.*

Vinywa arobaini na kimoja vikafunguka.

Sauti yao ilitoka kubwa mpaka direkta akarudi hatua moja. Nikawaundia kila neno kwa midomo, Gihosha, mama, anua, bila pumzi kupita. Taya lilikuwa linatetemeka. Nililisikia likitetemeka kama taya la mtu aliyekaa jirani yangu kwenye basi. Kwenye mstari wa tatu midomo yangu ilitaka kwenda kwenye alto, kama ilivyozoea, nikairudisha kwenye wimbo wa watoto. Tukafika ziwani, nikafunga kidole, wakanyamaza wote pamoja. Nikawaimbisha mara ya pili. Loïc alivuta pumzi katikati ya Cibitoke. Hilo nililiona, nikaliweka kichwani.

Mzee Radjabu akapiga makofi mawili. "Mwalimu ana sauti nzuri," akasema. "Nimemsikia kabisa."

Nikajua hayo maneno yatapanda Kinanira kwa Akilimali kabla ya mimi kula chakula cha jioni. Mji huu ni mdogo.

"Sikuimba, mzee," nikamwambia.

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Umeniona. Hukunisikia."

"Aa, mwalimu, mi nina miaka sitini na tisa, nitakosa kujua mutu anayeimba?"

"Hakuimba!" Benite akasema, na kweli alikasirika. "Ni sisi! Yeye hakutoa hata kidogo, mi niko mbele ningesikia!"

"Ni sisi!" wakasema wote, na makelele yakaanza.

Mzee Radjabu akainua mikono miwili. "Basi, basi, ni ninyi. Nimeshindwa. Atakayeniuliza nitamwambia ni ninyi." Akamgeukia direkta. "Yule wa hesabu atafute saa ingine. Mi mjukuu wangu hesabu anapata tano, hata ukimpa Jumatano nzima."

Direkta Léonce akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Saa ni yako, Mama Trésor. Mpaka mwisho wa mwaka."

Nikasema asante. Walipotoka nilingoja kidogo, nikiwa nimesimama pale pale, nione kama kitu kitakuja. Nilifikiri labda furaha, au hata kilio chenyewe. Watoto walikuwa wanatoka. Jua liliingia dirishani likafika kwenye ubao. Hakikuja kitu, na sikukasirika. Nilisema Baba Yetu moja kimoyomoyo, kwa maneno yote, bila kuruka.

Benite na wengine wachache walibaki kurudisha mabenchi ukutani.

"Mwalimu," akasema, "Jumatano ijayo utafanya mtihani tena?"

"Hapana. Jumatano nitafungua kinywa tangu mwanzo."

"Na sauti utatoa?"

Ningeweza kumwambia habari ya kilio, angeelewa, hata kwao wanajua hayo mambo. Ndivyo nilivyowajibu watu wote miezi yote hii.

"Sijui," nikamwambia. "Naitafuta, haipo."

Akanitazama, akafikiri.

"Haya," akasema. Akainama, akashika benchi upande mmoja, akaningoja nishike upande wa pili.