Shubiri Moja kwa Mwezi

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Sahro alipima kwa mkono umbali kutoka kaburi la binti yake hadi fensi ya boma la karantini, mahali ngamia na ng'ombe walipowekwa kabla ya kuuzwa. Alipiga magoti mchangani, akatanua kiganja, akaenda shubiri kwa shubiri. Kila mwezi ilipungua shubiri moja.

Jambo hilo halikumshangaza mtu. Ardhi ya wafugaji, upande wa mashariki, ilikuwa ikiingia chini ya ardhi ya boma tangu mwaka fensi iliposimamishwa. Iliingia polepole, kama mkeka unaosukumwa chini ya kitanda. Kilikwenda kichuguu, ukaenda mgunga mmoja, yakaenda makaburi ishirini na manne ya watu waliozikwa pale kabla ya boma kujengwa. Siku ya Ijumaa jamaa zao walisimama nje ya fensi wakawaombea, wakielekeza macho mbele kidogo kuliko mwaka uliopita.

Binti huyo, Idman, alikufa kwa surua mwaka 1991, akiwa na miaka sita. Siku alipozikwa, kutoka kaburi lake hadi fensi zilikuwa shubiri arubaini na nane. Zilipobaki ishirini na nne, Sahro alikwenda kwa Sheikh Billow kuomba mtoto ahamishwe. Kaburi halifukuliwi bila dharura. Sheikh alikuja mwenyewe, akatazama mchanga ukipotea chini ya nguzo, akasema hii ni dharura. Ikabaki ruhusa ya ofisa wa boma, kwa kuwa kwenye ramani makaburi yalikuwa ndani ya eneo la akiba. Ofisa, Abdirizak, mtu wa Garissa mjini, alisema ataandika barua.

Kabla barua haijajibiwa, ardhi ilisimama. Hiyo ilikuwa Februari ya 1993. Machi Sahro alipata shubiri ishirini na nne, na Aprili ishirini na nne. Watu walichinja mbuzi wa shukrani wakasogeza nyumba zao karibu na fensi tena, kwenye kivuli cha migunga iliyobaki. Sheikh Billow alimwita Sahro akamwambia kwa upole kwamba dharura imeondoka, na ruhusa imeondoka nayo.

Dubow, mchimba visima aliyekuwa amechimba pande zote mbili za fensi, hakula nyama ya yule mbuzi. Alishuka kisimani, akaweka sikio ukutani, akakaa huko hadi adhuhuri.

"Haijasimama, abaayo, dada yangu," alimwambia Sahro alipopanda. "Imekwama."

"Si ni kitu kimoja?"

"Ngamia aliyelala hatembei. Na ngamia anayevutwa na watu kumi huku kamba imenasa kwenye gogo, naye hatembei. Utakaa karibu na yupi?"

Alimwonyesha. Nguzo za fensi zilianza kuinamia chini, kwa sababu ukingo wa ardhi ya juu, ile ya boma, ulikuwa umeshikwa na ile ya chini na unavutwa nayo. Nyuma ya ukingo, ardhi ilikunjika ikainuka. Ofisi ya boma ilikuwa ikipanda.

Walikwenda kwa Abdirizak. Ilibidi wapande kilima ambacho mwaka uliopita hakikuwepo.

"Karibu, eeddo," Abdirizak alimwambia Sahro, akimwita shangazi na kumvutia kiti. "Umesikia upepo tunaoupata siku hizi? Hata feni nimezima."

"Unapanda kwa sababu nchi imekunjwa, mkubwa," alisema Dubow. "Ikiachiwa, utashuka."

Abdirizak alicheka. "Dubow, wewe ni fundi wa mashimo. Mambo ya kupanda tuachie sisi."

"Kaa juu upendavyo," alisema Sahro. "Mimi namtaka mtoto wangu."

"Ardhi imesimama, eeddo. Sheikh mwenyewe kasema. Na ramani haijawahi kuonyesha kwamba ilitembea."

Siku moja Sahro alikwenda makaburini na sepetu. Askari wa boma waliichukua, wakampa risiti ya sepetu.

Ikapita miaka mitatu. Dubow aliweka kokoto moja kwa kila mwezi kwenye mdomo wa kisima. Zilipofika thelathini na sita, alisema hizi ndizo shubiri ambazo ardhi ilipaswa kwenda na haijaenda, na kwamba itakwenda zote kwa siku moja. Watu walimsikiliza. Nyumba zilibaki kivulini.

Ilikuwa Alhamisi ya Februari 1996, baada ya alasiri. Mahali palipokwama paliachia, chini kabisa, kwenye kipande kisichozidi upana wa zizi. Kwanza yalikuja mapigo madogo ya haraka, juu na chini, sufuria zikagongana. Sahro alianza kukimbia kuelekea kaburini. Dubow alimfikia akamshika shuka.

"Hicho ni kitangulizi tu! Lala chini!"

Kisha ardhi ilivutwa kando, ikarudishwa, ikavutwa tena, na hakuna aliyeweza kusimama. Baada ya hapo yalikuja mawimbi ya polepole. Waliyaona yakipita mchangani, mgongo baada ya mgongo, kama msafara wa ngamia. Kwenye mwamba wa boma mtikisiko ulikuwa mfupi. Kando ya mto Tana, ambako mchanga umejaa maji, ardhi ilikuwa uji, na nyumba zilizama hadi madirishani. Mpasuko ulikimbia kaskazini kama kitambaa kinachochanwa, ukapita mwisho wa fensi ukaendelea. Redio ya ofisi ilipata habari kutoka Eldas, mbali kaskazini: kule ngamia walilala chini dakika moja na nusu baadaye. Eldas hakuna fensi.

Wakati huo wote, boma lilikuwa likija. Fensi ilikuja ikiwa imesimama wima, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sahro aliitazama akiwa amelala kifudifudi. Ilifika kaburini, ikapanda juu yake, ikaenda shubiri kumi na mbili zaidi, ikatulia. Ukingo wake sasa ulikuwa juu kupita kimo cha mtu. Kwa nyuma, ofisi ilikuwa imeshuka kimo hicho hicho, na Abdirizak alitoka akijipangusa vumbi.

Watu saba walizikwa Ijumaa, mbali zaidi mashariki. Mitikisiko midogo iliendelea hadi baada ya Idi. Kisha ardhi ikarudia mwendo wake wa zamani.

Ile barua ya ombi la Sahro ilijibiwa mwezi uliofuata. Ilisema kwamba wapimaji wamefika, wameikuta fensi mahali pake, na ndani ya eneo la boma hakuna kaburi.

Alimwonyesha Dubow. Dubow aliisoma mara mbili, akairudisha.

"Atafika lini chini ya ofisi?" Sahro aliuliza.

Dubow alipiga hesabu kwa vidole vya mikono yote miwili. "Miaka mia na sitini na kitu."

"Mimi sitakuwepo."

"Hapana, abaayo."

Ijumaa hiyo Sahro alikwenda ofisini. Aliuliza lile kaburi litapita chini ya sehemu gani ya ofisi, akaonyeshwa, akaketi hapo sakafuni, kando ya meza ya Abdirizak. Akaanza kumwombea Idman mapema. Makarani walimzunguka kwa adabu wakibeba mafaili. Abdirizak hakukataa. Alimwomba tu, akimaliza, aandike jina lake kwenye kitabu cha wageni, na mahali pa sababu ya kuja alimjazia yeye mwenyewe: shughuli binafsi.