Nyota Tano za Kanisani

Waliomharibia Elkana kazi yake walikuwa watu wanaompenda, na hapo ndipo hadithi hii inaponitia uchungu. Angekuwa na adui, tungemsema hapa mpaka tuchoke.

Elkana aliishi ughaibuni, mjini Carrollton, na mkewe Jeptoo, nesi wa wagonjwa wa figo. Kazi ya Elkana ilikuwa kupanga mizigo kwenye ghala. Muda wowote uliobaki, iwe mapumziko ya chakula au ndani ya gari akimsubiri Jeptoo atoke zamu, alitengeneza mchezo wa simu. Miaka minne, jamani. Wenzake walinunua nyumba Arlington na kubadilisha magari, naye bado yuko na kompyuta magotini, anarekebisha mruko wa msichana asiyekuwepo duniani.

Msichana huyo aliitwa Chebet. Huruka kutoka jabali hadi jabali, akivuka mabonde na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mgongoni, anampelekea nyanya yake mgonjwa. Ukimrusha ovyo, maziwa yanamwagika. Ukifika na kibuyu kitupu, nyanya hakukaripii. Anakuangalia tu, kisha anakukaribisha ukae naye na njaa yake. Elkana alimchora nyanya yake mwenyewe, hata alivyofunga kitambaa kichwani. Nyanya huyo alifariki wakati Elkana bado anangoja karatasi za uhamiaji, kwa hiyo Elkana hakwenda kumzika.

Mchezo ulipoingia kwenye duka la simu haukuvuma. Waliucheza watu wachache, lakini hawakumjua Elkana wala ukoo wake. Mmoja wa Brazili aliandika kwamba alifika kwa nyanya na kibuyu kitupu, akaacha kucheza, akampigia mama yake. Elkana alikuwa akimsomea Jeptoo maneno hayo jikoni, akampa simu amalizie.

Maneno hayo yalifika Houston. Kampuni ndogo ya michezo ikamwita aende Jumanne, wazungumze juu ya kumwajiri auendeleze mchezo wake huko. Walichopenda, walisema, ni jinsi watu baki walivyoupokea. Jeptoo alifurahi, ila alikuwa ameshasema neno lake bila ugomvi: hii ikikataa, Elkana aingie masomo ya unesi. "Nimechoka kuibeba hii nyumba peke yangu," alimwambia. Elkana alikubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa, kosa lake. Jumapili, kanisani kwao Lewisville, wakati wa ushuhuda, alisimama akaomba wamkumbuke kwa maombi ya safari. Watu wetu ukiwaomba maombi, hawawezi kukuombea tu wakaenda zao kula. Mama Whitney, kiongozi wa akina mama, ambaye akiamua jambo hata mchungaji husogea, alisimama pia.

"Huyu ni kijana wetu. Tumwache aende mikono mitupu? Toeni simu. Kila mtu a-download huo mchezo, ampe nyota tano, aandike kitu kizuri. Hatutoki hapa kabla hatujamaliza."

Elkana alijua wenye duka hawataki mambo hayo. "Mama, pengine tungengoja kidogo," alisema.

"Keti, mwanangu. Utaona haya mpaka lini?"

Akaketi. Hawa ndio waliojaa sebuleni kwake nyanya alipofariki, wakapika, wakaimba, wakaosha vyombo. Angewaambiaje wakae na upendo wao? Basi wakapakua wote kwa wakati mmoja, kwa intaneti moja ya kanisa. Waliokosa la kuandika walinakili la jirani: Mungu ni mwema, mchezo mzuri sana. Hapakuwa na hata mmoja aliyeucheza.

Jumatatu, akiwa ghalani, ujumbe uliingia. Duka limegundua sifa za kupangwa, zote kutoka mahali pamoja. Mchezo umeondolewa, akaunti imefungwa, na hakuna rufaa. Alitafuta maneno ya yule wa Brazili ili angalau ayasome tena. Nayo yalikuwa yameondoka na mengine.

Alipiga simu Houston. Mama aliyepokea alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho. "Mimi nakuamini," alisema, "lakini siwezi kuwapelekea wakubwa wangu mchezo uliofungiwa kwa udanganyifu." Safari ya Jumanne ikaishia hapo.

Jeptoo aliposikia hakumlaumu mtu. Aliendelea kukata sukuma wiki, kisha akaweka kisu chini. "Masomo yanaanza Agosti," alisema. "Kesho nitakusaidia ku-apply." Elkana akaitikia kwa kichwa.

Wakiwa mezani, Mama Whitney alipiga simu. Elkana alipokea akiwa tayari kumdanganya kwamba mambo ni mazuri, lakini hakuulizwa habari za Houston.

"Mwanangu, leo nimeshinda na huo mchezo wako," Mama Whitney alisema, sauti yake iko chini, si ile ya kanisani. "Nimefika kwa yule nyanya na kibuyu kitupu. Nimemkumbuka mama yangu nikalia. Jana niliandika tu kile wengine walichoandika. Leo nataka kuandika ya ukweli, lakini natafuta pa kuandikia sioni. Nibonyeze wapi?"

Elkana alimtazama Jeptoo.

"Hapana mahali, Mama," alisema. "Niambie tu mimi."