Vipindi Vinne vya Bi. Cherehani

Jumanne saa nne kasorobo asubuhi, dada wa mapokezi katika chumba cha tiba ya viungo alikuwa akichonga penseli huku akiita namba. Aliita kumi na mbili, akaja mzee mwenye bega bovu. Aliita kumi na tatu, akainuka Bi. Cherehani, fundi nguo mstaafu, aliyezikwa Ijumaa iliyotangulia. Alikuja taratibu na mkongojo wake, akaweka kadi mezani. Kadi ilionyesha vipindi kumi vya mazoezi baada ya upasuaji wa nyonga, na sita vilikuwa vimegongwa muhuri.

"Vimebaki vinne," alisema.

Dada wa mapokezi aliitazama kadi, akalitazama daftari. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: mgonjwa aliyelazwa na mgonjwa wa nje. Alifikiri kidogo. Kulazwa alikuwa amelazwa, lakini si hapa. Akaweka alama kwenye mgonjwa wa nje, akamwambia akae benchi la pili, maana la kwanza mguu wake mmoja unacheza.

Aliyepangiwa kumhudumia alikuwa mtarajali, msichana aliyemaliza chuo na aliyekuwa akimalizia mwaka wake wa mafunzo kazini kabla ya kupewa leseni. Alimwona bibi, akapanguza mikono kwenye koti, akamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda."

Ni kweli alikuwa amekonda. Wiki nzima alikuwa akisukuma sahani pembeni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jumanne ya kipindi cha sita, Bi. Cherehani alikuja na shavu la mguu wa kushoto limevimba. Mtarajali alitoa tepu, akapima miguu yote miwili, kiganja kimoja chini ya goti. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita nne, tena ulikuwa na joto kama pasi iliyozimwa sasa hivi. Chuoni walifundishwa jambo hili mpaka wakalichoka: mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akivimba mguu mmoja hivyo, usimkande. Huenda damu imeganda ndani, na ukiikanda itang'oka na kwenda mapafuni. Basi akaenda kwa mkuu wa kitengo, akamwambia mguu ule usikandwe, aonwe na daktari kwanza. Mkuu ana uzoefu wa miaka ishirini na miwili, na hapendi kukumbushwa kitu. Alijibu bila kuinua kichwa, "Siku hizi yai linamfundisha kuku." Akachukua chupa ya mafuta, akaingia nyuma ya pazia mwenyewe. Mtarajali aliandika vipimo vyake kwenye faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kesho yake asubuhi, Bi. Cherehani alifariki akifunga vifungo vya gauni.

Siku mbili baadaye ukurasa wa vipimo haukuwemo tena kwenye faili. Kamati ya maadili ikapokea taarifa ya mkuu: aliyekanda ni mtarajali, bila ruhusa ya mtu. Msichana alipomkumbusha kwamba alimwambia, mkuu alimruka kimanga. Kwa kuwa watumishi ni wachache, aliachwa aendelee na kazi mpaka kamati ikae, wiki nne mbele. Kamati ikiikubali taarifa ile, leseni hapati, si mwaka huu wala mwaka wowote. Alikuwa amekalia kuti kavu na alijua. Lakini kilichomnyima usingizi hasa kilikuwa kingine. Hakuwa na hakika kama siku ile alisema kwa sauti ya kusikika, au alinong'ona tu, ili baadaye aweze kujiambia kwamba alisema.

"Bibi, naomba ruhusa nikuguse mguu," alisema sasa, kama alivyofundishwa. Kanuni inataka ridhaa ya mgonjwa kila kipindi, na haikusema lolote kuhusu aliyekwisha kuzikwa.

"Ruhusa unayo," alisema Bi. Cherehani, akasaini.

Mguu ulikuwa umepoa, ila uvimbe ulikuwa uleule, sentimita nne. Na kwenye uvimbe palikuwa na mashimo. Ukibonyeza mguu uliovimba, kidole kinaacha shimo, na baada ya muda shimo linajaa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa walio hai. Mguu wa Bi. Cherehani haukujaa tena. Alama za vidole vya aliyemkanda zilikuwepo zote, kumi, pana kama za mpiga ngoma. Ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia ilikuwa fupi kuliko wenzake. Mkuu alikatwa ncha ya kidole hicho na mlango wa gari ujanani. Hospitali nzima inajua, kwa sababu ni yeye mwenyewe anayesimulia kila sherehe ya kumuaga mtu.

Mkuu alipita, akaona.

"Karibu tena, bibi. Naona unaendelea vizuri."

"Tunasukuma siku," alijibu Bi. Cherehani.

Mkuu alitia mikono kwenye mifuko ya koti, na tangu siku ile hakuitoa mbele za watu. Milango alifungua kwa kiwiko. Mkono wa salamu aliukwepa kwa kukohoa.

Mazoezi yaliendelea. Bi. Cherehani alitembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akaenda akarudi, huku mtarajali akihesabu hatua. Nyonga ya marehemu haichoki, lakini inasahau, kwa hiyo kila Jumanne walianza nyuma kidogo ya pale walipoishia. Wagonjwa wengine walimsalimia. Mzee wa bega alimuuliza kama huko kuna baridi, akajibiwa kwamba si sana, ila mtu achukue sweta.

Katika kipindi cha tisa, wakiwa wamebaki wawili nyuma ya pazia, mtarajali aliuliza huku akikunja tepu.

"Bibi, siku ile nilisema?"

"Ulisema."

"Kwa sauti?"

"Mimi nilikuwa nimelala hapa hapa, nikakusikia. Na yeye alisikia. Alipoingia na mafuta yake alikuwa bado anacheka." Bi. Cherehani alivuta soksi juu. "Ila ulisema mara moja, mjukuu wangu. Kitambaa kikiwa hakitoshi, namwambia mteja mara moja. Aking'ang'ania, namwambia mara ya pili na mkasi nauweka mezani. Hapo hakuna wa kukata."

Mtarajali alilia, si sana. Kisha alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani wiki tatu, na akahisi njaa. Mchana ule alikula sahani mbili.

Kamati ya maadili ilikaa Jumanne iliyofuata, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Walikuwa watu watatu na katibu. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kipindi cha kumi, Bi. Cherehani aliomba akimalizie hukohuko. Katibu alimwomba kitambulisho ili aandikwe shahidi. Kitambulisho hana, familia ilikirudisha siku ya kuandikisha kifo. Katibu alipekua kitabu cha taratibu mbele na nyuma, mwisho akampokea kama kielelezo, akambandikia karatasi yenye herufi B begani.

Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu, aliomba mguu upimwe. Mtarajali aliomba ruhusa, akapima.

"Nne," alisema.

"Nne kamili," alisema kielelezo B. "Miaka arobaini nimepima watu. Tepu haijakosea."

Katibu hakuandika, kwa sababu vielelezo havisemi. Mwenyekiti akamwambia mtarajali aweke vidole vyake kwenye yale mashimo. Vilicheza ndani, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Kisha akamgeukia mkuu, akamwomba atoe mikono mfukoni. Mkuu alisema ina ganzi. Mwenyekiti alisema atasubiri ganzi iishe. Feni ilizunguka. Baada ya dakika nane mkuu alitoa mikono, akainama, na vidole vikaingia vyote, tisa na kile kifupi. Katibu aliandika: vimeenea.

Uamuzi ulisomwa kabla ya chai. Mtarajali hana kosa, na jina lake lipelekwe kwa usajili. Alipolisikia neno "usajili" alishika meza, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze alicheka kwa sauti, peke yake, bila kumwogopa mtu. Kuhusu mkuu, mwenyekiti alisoma kanuni: lalamiko dhidi ya mtumishi huletwa na mgonjwa aliye hai, au na ndugu yake. Akaitwa mtoto wa kiume wa Bi. Cherehani, aliyekuwa akisubiri nje.

"Mama ametoka mlangoni leo bila mkongojo," alisema. "Daktari wa nyonga mwenyewe hakutegemea. Sasa tulalamikie nini, waheshimiwa?"

Kamati ikamshukuru mkuu kwa ushirikiano wake.

Kwenye ujia, mtarajali aligonga muhuri wa kumi kwenye kadi, akaandika: anatembea bila msaada, ameruhusiwa. Bi. Cherehani alibandua ile B begani, akaikunja vizuri.

"Kufa kufaana, mjukuu wangu," alisema. "Umepata leseni. Ila nimeacha gauni la bibi harusi halijapindwa. Hilo linaniuma."

Mtarajali alimsindikiza mpaka getini, wakaagana.

Jumanne ya mwezi uliofuata, mtarajali alivaa koti lenye jina lake na namba ya usajili. Dada wa mapokezi aliita namba saba, akainuka mzee mmoja aliyefariki miaka minane iliyopita, suruali imekunjwa mguu mmoja. Nyuma yake walikaa wanawake wawili, kila mmoja soksi moja imeshushwa, mashimo ya vidole yakionekana. Kadi zao zilikuwa za rangi ya zamani.

"Tumesikia hapa mnatumalizia," alisema mzee.

"Mnakaribishwa," alisema dada wa mapokezi, akaweka alama tatu kwenye mgonjwa wa nje.

Mkuu alitoka ofisini, akawaona, akarudisha mikono mfukoni. Wakati uleule aliletwa mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mzima, siku ya kumi tangu apasuliwe goti, shavu la mguu limevimba upande mmoja. Mkuu alimwangalia, akachukua chupa ya mafuta kwa kiwiko na kifua.

"Mguu huu haukandwi," alisema msichana. "Aende kwa daktari."

"Yai," alianza mkuu.

"Mkuu, nimesema haukandwi." Mara hii mpaka mzee wa bega aligeuka. Msichana alimtoa mkuu chupa kifuani, akaiweka mezani.

Yule mzee wa miaka minane alimtazama mama mgonjwa, akamtazama mkuu, kisha akajisogeza kwenye benchi kumpa nafasi. Wale wanawake wawili nao wakasogea.

"Hapana, mzee," alisema msichana. "Huyu hakai hapo."

Akageuza kiti cha magurudumu, akakisukuma kwenye ujia kuelekea kwa daktari, mbio mbio. Nyuma yake, mkuu alichukua chupa ya mafuta, akamwambia dada wa mapokezi aite namba inayofuata.