Abiria wa Mwisho

Wiki ya uchaguzi wa mwaka 2025, Anwarali alikuwa Dar es Salaam, ametoka kufanyiwa operesheni ya macho. Mtandao ukazimwa, watu wakakatazwa kutoka nje usiku, na simu yake ikawa haipatikani. Mkewe Zehra, aliyebaki nyumbani Kikwajuni, Unguja, alisikia habari za risasi na hakujua ashike lipi.

Boti zilipoanza tena kuvuka, alifunga duka akashuka bandarini Malindi. Abiria walitoka kimya kimya, akamkagua kila mmoja. Wifi yake, Zarina, alimshika mkono.

"Hayumo. Twende nyumbani."

"Ntabaki mpaka atoke wa mwisho."

Mwisho alitoka bwana mmoja asiyemjua, anamwongoza mzee mwenye bandeji machoni, kakonda, shati si lake. Zehra aliogopa kukosea. Akaita kwa sauti ndogo, "Anwarali."

"Naam," akajibu mzee, akageuza uso upande mwengine. "Zehra, huyu bwana kanikuta barabarani sioni njia, watu wanakimbia. Kaniweka kwake mpaka leo."

Zehra alimgeukia yule bwana ili amshukuru. Alijifunika uso kwa mtandio, akalia mbele za watu.