Sauti ya Kazini

Kazini walimwita Maji Baridi, na jina halikumkosea. Alikuwa na mwaka wa kumi na moja akipokea simu za dharura, na hata mtu apige akilia kwamba nyumba inawaka, yeye angejibu kana kwamba ameulizwa saa. "Nakusikia. Niko na wewe. Uko mtaa gani?" Mtu alitulia papo hapo, akataja mtaa.

Basi watafiti walipotafuta watu wa kujaribu dawa mpya, walianza na chumba cha wapokea simu. Dawa yenyewe haikuwa ya kumtibu aliyekwisha kuugua, ilikuwa ya kuzuia. Unameza kidonge kabla ya zamu, ili yale utakayoyasikia yasije yakakuvuruga akili baadaye. Nusu yao walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu ndani, na hakuna aliyejua chake ni kipi. Kila asubuhi mshiriki alipiga simu, mashine ikamuuliza amelalaje, ameota nini, ana hofu gani. Ilipima majibu yake, ikapima na mtetemo wa sauti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala Maji Baridi hakukusudia. Akishika simu tu, ile sauti ilitoka yenyewe. "Nimelala vizuri. Sina hofu." Ilhali alikuwa amelala bafuni, bomba likichuruzika, kwa sababu nyumba ikiwa kimya alisikia simu moja ya mwezi wa tatu. Siku hiyo alimwambia mwanamke aliyepiga, "Mtoto atakuwa salama, mama," na mtoto hakuwa salama.

"Waambie ukweli," mumewe alimsihi, akimfunika blanketi pale chini. "Unajimaliza, mke wangu."

"Wataniondoa kwenye meza ya simu."

"Na usipowaambia?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakupokea simu mia kwa zamu moja.

Kilichomkosesha raha zaidi ni mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, binti anayelia hata akiona paka amegongwa. Alikuwa ameomba kazi pale pale, akaipata, na dada mtu ndiye aliyemtia moyo. "Usiogope," alimwambia, "siku hizi kuna dawa."

Siku ya mkutano wapokea simu wote waliketi, wapya mbele, kila mmoja na fomu ya kujiunga na utafiti mapajani. Daktari wa utafiti, mama mchangamfu aliyevaa miwani kifuani zaidi kuliko machoni, alikuwa anameremeta.

"Bado sijui nani alimeza nini," alisema, "ila sikilizeni mshiriki namba tisa. Mwenyewe alitia sahihi kwamba tunaweza kumtumia kufundishia. Miezi minane, na sauti yake haijatetemeka hata mara moja!"

Akabonyeza. "Nimelala vizuri. Sina hofu."

Maji Baridi aliitambua sauti yake. Ulikuwa ule ule upole, ule ule mpumuo mdogo katikati. Ndivyo alivyomwambia yule mwanamke, mtoto atakuwa salama, mama.

Mdogo wake alimpiga kiwiko, meno yote nje. "Dada, si wewe huyo? Basi hata mimi natia sahihi!"

Kalamu ilikwisha kugusa karatasi. Angeweza kunyamaza, akabaki na meza yake na jina lake zuri. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Daktari, futa hiyo."

"Kuna nini tena, mama?"

"Hiyo ni sauti ya kazini. Mimi... mimi silali. Nalala bafuni. Mashine yenu nimeidanganya, na hawa watoto watakuja kukaa pale wakidhani... wakidhani wamekingwa."

Maneno yalimtoka vipande vipande, mengine yakafia njiani. Watu waliofanya naye kazi miaka kumi walitazamana, maana hawakuwahi kuisikia sauti hiyo. Daktari alivaa miwani, akamwokotea kiti.

Mdogo wake alikuwa ameiweka kalamu chini. Alimshika mkono, akashtuka.

"Dada, mbona unatetemeka?"

"Natetemeka tangu mwezi wa tatu."