Shada la Mlango wa Doris

Elinaja alikuwa na mikono. Hilo hata wasiompenda walikubali. Mpe kipande cha waya, gundi na gazeti la jana, nenda kachemshe chai, ukirudi unakuta ua limesimama mezani. Ndiyo maana kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Hopkins, Marekani, alikokuwa akifanya kazi, walimtoa kwenye zamu za kuogesha na kulisha wakampa chumba cha kazi za mikono. Kila mwaka joto likianza kuaga na miti ya mitaani ikigeuka nyekundu na njano, yeye ndiye aliyewaongoza mabibi na mababu wa Kizungu kubandika majani kwenye karatasi, kupaka maboga rangi na kufunga mabua ya mahindi kwa utepe. Mabua ya mahindi, jamani! Kwao Machame, Uchagani, hicho ni chakula cha ng'ombe. Huku watu wanayavalisha utepe na kuyasimamisha mlangoni kama bwana harusi. Mwaka wa kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Wa pili naye akaanza, na chumba chake katika jengo kuukuu alikopanga kikawa kinanukia mdalasini tangu ngazini.

Lakini mikono ni mikono na mdomo ni mdomo, na mdomo wa Elinaja ndio uliomponza.

Mama yao alipofariki, Elinaja na dada yake Doris walikuwa wote huku Minnesota. Elinaja alipanda ndege akaenda kuzika. Doris hakwenda. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mwanasheria alimwambia waziwazi kwamba akitoka nje ya nchi harudi, naye alikuwa na mume na mtoto mdogo. Akabaki kwake Brooklyn Park, akamlilia mama kwenye simu. Elinaja aliporudi, Watanzania wakakusanyika pale kwa Doris kuwapa pole wote wawili. Wali ukaliwa, sala ikasaliwa, mzee mmoja akamsifu Doris kwa uvumilivu wake. Hapo Elinaja akasimama.

"Uvumilivu gani?" akasema. "Huyu kachagua makaratasi, kamwacha mama. Basi na yeye akifa asinitegemee. Mimi kumzika, simziki."

Mtu na dada yake, tumbo moja, mbele za watu, tena juu ya msiba! Doris alikusanya vikombe akaenda navyo jikoni. Tangu siku hiyo wakapeana mgongo. Hata kanisani, mmoja akikaa mbele, mwingine anakaa karibu na mlango, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Halafu, mwaka ule wa 2007, Doris akaugua saratani. Ilianzia kwenye titi ikaingia kwenye mifupa. Elinaja alipata habari kwa watu, tena mwishomwisho, baada ya kila mtu kujua. Alishika tama. Kumbe neno nalo linaweza kukaa miaka yote hiyo likimsubiri mwenyewe. Usiku hapati usingizi, mchana chakula hakipiti. Alitaka kitu kimoja tu duniani: Doris asife na lile neno masikioni.

Na Wachaga wana njia yao. Ukimkosea mtu kosa la kumvunja moyo, unachukua isale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini, unalipiga fundo, unampelekea. Isale halikataliwi. Mtu akiletewa, analipokea kwa mkono wake na maneno yanaishia hapo. Elinaja alikwisha kuliona isale huku ugenini, tena mahali gani? Kwenye chungu, katika chumba cha kusubiria kwa daktari wa meno! Nusura aliamkie. Baadaye akalikuta likiuzwa kwenye duka la maua kule Roseville, akalinunua na chungu chake, akaliweka dirishani.

Sasa basi. Isale lipo, dada yupo, gari lipo, barabara ipo. Kilichobaki ni kwenda. Unadhani alikwenda? Thubutu!

"Nikifika akinifungia mlango?" alimwambia Bupe, Mnyakyusa aliyekuwa jirani yake wa ghorofa ya chini na shoga yake wa kila kitu.

"Si umesema halikataliwi?"

"Halikataliwi nyumbani. Huku watu wamebadilika."

"Aliyebadilika ni wewe," Bupe akamjibu. "Unaogopa aibu, basi. Shika jani lako mkononi, piga magoti, lia, yaishe. Mwenzio anaumwa."

Maneno ya Bupe yalimwingia, lakini kiburi nacho kilikuwa kimekaa kitako, hakitaki kuhama. Akaona afanye kwa ile mikono yake. Alikunja waya duara. Akachukua majani mekundu na ya rangi ya chungwa aliyokuwa ameyakausha ndani ya kitabu cha simu, akayachovya kwenye nta moja moja, akayapanga. Akatia mbegu za msonobari, vibuyu vidogo kama yai, mahindi ya rangi rangi na vijiti vya mdalasini. Likawa shada la kutundika mlangoni, kama yale yanayotundikwa na majirani msimu huo, ila zuri kuliko yote. Kisha, chini kabisa, katikati ya mahindi na vibuyu, akalifunga isale, limepigwa fundo.

Aliona amepata ujanja mkubwa. Doris akiwa na moyo wa kusamehe, ataliona jani na atajua. Akiwa hana, basi, Elinaja hakuomba chochote, alipeleka pambo tu, kama watu wanavyopelekeana mapambo. Hakuna wa kumcheka. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, mtu mzima na akili zake.

Tena akavizia siku ambayo Doris huenda hospitali kwa matibabu. Aliyefungua mlango ni Serah, binti wa Doris, msichana mkubwa sasa, yule mtoto mdogo wa wakati wa msiba. Serah alikuwa anasikia Kiswahili vizuri, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Alipoliona lile shada alishika mashavu. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba hajaona kitu kizuri namna hiyo, na kwamba mama atafurahi, nyumba imekuwa na huzuni mno.

"Mwambie mama limetoka kwangu," Elinaja akasema. "Na ahakikishe analiangalia vizuri. Lote."

Serah akaitikia. Akamkaribisha ndani, Elinaja akasingizia kazi, akaondoka mbio mbio kama mtu aliyeiba.

Akasubiri simu. Simu haikulia. Alikwenda nayo bafuni, alikwenda nayo kazini akaiweka karibu na mikasi na gundi, na kila ikilia ni mtu mwingine. Mwanzo alisema Doris amechoka na dawa. Kisha akasema labda anatafuta maneno. Mwisho hasira zikampanda.

"Amekataa isale!" alimwambia Bupe, macho yamemtoka. "Isale, Bupe! Hata aliyeuliwa ndugu yake hakatai isale!"

"Mpigie simu umwulize."

"Nimpigie nimwambie nini? Jani limeshasema."

"Jani lina mdomo?" Bupe akauliza, naye sasa amekasirika. "Nenda kwa dada yako, Elinaja!"

Hakwenda. Alinuna. Wewe mtu unaomba msamaha kwa kujificha, halafu unanuna kwamba hukuonekana! Miti ikabaki mitupu. Maboga ya vibarazani yakaoza yakaingia mashimo, theluji ya kwanza ikaanguka, na kazini mabibi wakaanza kukata bata mzinga wa karatasi kwa ajili ya ile Sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Elinaja aliwasaidia kubandika manyoya huku moyoni anaongea na Doris, anagombana naye, anamjibu na kujijibu.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Maurice, mume wa Doris, Mkenya wa Kisumu.

"Shemeji, Doris amekuwa admitted tena," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Daktari amesema tu-prepare. Kama unataka kumwona, kuja leo. Usingoje kesho."

Elinaja aliacha gundi wazi mezani.

Alipoingia chumbani kule hospitali alidhani amekosea mlango. Doris alikuwa amebaki macho tu, mengine yote yameliwa. Maurice alikuwa amesimama dirishani. Aliposikia viatu akageuka, akampisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Doris akageuza uso kumtazama. "Shada lako nililiona."

Elinaja akasogea kitandani. "Ulilipokea?"

"Zuri. Una mikono, hilo sijawahi kukunyima." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi nyingine. "Ulisema mimi hutanizika. Nikaona, kumbe mdogo wangu ameamua kuniletea shada kabisa nikiwa hai, asisumbuke baadaye. Nimelipita pale mlangoni kila nikitoka na kila nikirudi."

Kwao shada linawekwa wapi? Juu ya jeneza na juu ya kaburi, basi. Doris alikuwa ameishi huku miaka ya kutosha kujua kwamba Wazungu wanatundika mashada milangoni na hakuna aliyekufa. Maurice alimwambia hivyo hivyo, kwamba ni mapambo ya msimu tu. Lakini Maurice hakuambiwa yale maneno yaliyoambiwa Doris. Mtu anayekufa, aliyekwisha kuambiwa na ndugu yake kwamba hatamzika, halafu ndugu huyo huyo anamletea shada siku asiyokuwepo na kukimbia, wewe ungefikiri nini?

"Dada, hapana!" Elinaja akapaza sauti. "Hapana! Na isale je? Nililifunga mle! Nililipiga fundo kwa mikono yangu!"

Doris akakunja uso, kama mtu anayejitahidi kukumbuka.

"Isale?" akasema. "Nililitafuta. Siku ile ya kwanza nilisimama nikaligeuza lile shada, nikasema, labda. Nikaangalia mpaka nyuma." Chozi likamtoka likaingia sikioni. "Hakukuwa na isale, Elinaja."

Nesi akaingia kumwongezea dawa ya maumivu. Macho ya Doris yakalegea, yakafumba.

Elinaja alitoka mbio. Serah alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, amejikunyata ndani ya koti lake.

"Serah, lile shada nililoleta. Lilikuwa na jani la kijani, refu, lina fundo. Liko wapi?"

Msichana akamtazama kwa wasiwasi. Akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba alilitoa. Majani mengine yote yalikuwa mekundu na ya rangi ya chungwa, lile moja la kijani lilikuwa haliendani nayo, tena limeanza kukauka ncha. Alilitupa akafunga utepe mahali pake, kabla mama hajarudi. Alitaka mama alikute limekamilika.

Mkono wa Elinaja ulipanda wenyewe. Haki ya Mungu, alitaka kumzaba kofi. Ukaishia hewani, kwa sababu mtoto angejuaje? Nani alimfundisha? Aliyekuwa na wajibu wa kumfundisha ni mama mdogo wake, aliyekuwa amenuna karibu na mlango wa kanisa tangu mtoto ana meno ya utoto. Na aliyelificha jani kwenye mahindi, likaonekana takataka, hakuwa Serah.

Akarudi ndani. Akapiga magoti mbele ya watu, mbele ya Maurice na nesi, mikono mitupu, akasema yote kwa Kichaga, kwa sauti. Akasema isale lilikuwepo. Akasema lile neno analifuta, alilisema kwa uchungu wa mama, na aibu ndiyo iliyomzuia kuja kwa miguu yake. "Pokea, dada. Sema umepokea." Akaweka mkono wake ndani ya mkono wa Doris na kungoja vidole vijifunge. Havikujifunga. Maurice aliyekuwa hajui neno hata moja la Kichaga alianza kulia.

Doris hakuamka tena. Mchana ule ule pumzi zake zikaanza kuja moja moja, kwa mbali, na halafu haikuja nyingine.

Walikuwa bado wanamsubiri mchungaji wakati Serah alipomsogelea Elinaja na kumshika mkono wa sweta. Macho yalikuwa yamevimba. Akafungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama mdogo. Lile jani. Lilikuwa na maana?"

Elinaja alimtazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na Mungu anajua alitamani kuutua mzigo ule kwa mtu yeyote, hata dakika moja. Akamtazama tena: mtoto wa watu, hana mama tangu mchana huu, na miaka yote iliyobaki ya kuishi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Pambo tu. Tena ulifanya vizuri kulitoa, lilikuwa halipendezi."

Serah akashusha pumzi na kumlalia begani. Elinaja akamshika kichwa, akamwambia tena na tena, pambo tu, mwanangu, pambo tu, mpaka mtoto akaamini.