Daktari Ajulishwe

Wodi ile ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na katika miaka kumi na minne ya uuguzi Kalamu alikuwa amevitandika vyote mara zisizo na idadi. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa sababu mfukoni hakukosa kalamu nne na kila alichokiona alikiandika. Sasa alikuwa mwanafunzi tena, palepale kazini: siku nne wodini, siku moja darasani, miaka miwili mfululizo, ili mwisho wake aruhusiwe kupima wagonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa kwa mkono wake mwenyewe, bila msimamizi. Ilikuwa imebaki sahihi moja tu. Ijumaa ile mchana, daktari bingwa aliyemsimamia angefungua ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha mafunzo, na akiridhika angesaini.

Ungemwona ungedhani anapaa. Wapi! Hakuna aliyemwambia kwamba kupanda cheo palepale ulipozoeleka ni kuhama nyumba bila kuhamia nyingine. Akiingia chumba cha chai cha wauguzi, soga zilikatika, na mtu akakumbuka ghafla kwamba ana dripu ya kubadilisha. Akienda chumba cha madaktari, vijana waliozaliwa yeye akiwa sekondari walimwuliza, kwa adabu zote, bandeji zinakaa kabati gani. Basi chakula cha mchana akawa anakula stoo ya mashuka, amesimama, mlango ameurudishia. Nyumbani nako mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba bintiye ni daktari, na kila jioni palikuwa na goti la mtu linamsubiri sebuleni. Mumewe alifanya kazi mbali. Alipiga simu Jumapili, akasema, "Vumilia, karibu unamaliza," kisha akauliza habari za paa linalovuja.

Lakini aliyemkata maini hasa ni Mama Pacha, muuguzi mkuu wa zamu. Waliajiriwa wiki moja, wakawa chanda na pete. Pacha walipozaliwa, Kalamu ndiye aliyembeba mmoja kutoka chumba cha kujifungulia. Tangu mafunzo yaanze, Mama Pacha alimjibu alichoulizwa, basi.

Ijumaa hiyo madaktari vijana walipelekwa wote chumba cha upasuaji, na bingwa alikuwa kliniki. Karatasi ya zamu ukutani iliweka jina la Kalamu, kwa mara ya kwanza, kwenye safu ya daktari wa wodi. Akikwama, apige simu.

Saa tatu asubuhi alifika kitanda cha tisa, kwa mwalimu mstaafu wa hesabu aliyelazwa siku kumi kwa nimonia. Mzee alisema mguu wa kushoto umekuwa mzito. Kalamu akafunua shuka, akapapasa, akatoa futi kamba na kupima miguu yote miwili.

"Tofauti ngapi?" mwalimu akauliza.

"Sentimita nne, mzee wangu."

"Nyingi hiyo."

Nyingi kweli, na mguu ulikuwa wa moto. Kalamu alijua papo hapo: damu imeganda, na kipande kikikatika kikapanda mapafuni, mzee huyu hatafika jioni. Akaandika vizuri mno. Alichoona, anachoshuku, sindano inayofaa, picha ya kupiga. Kisha mkono wake, uliofanya hivyo kwa miaka kumi na minne, ukamalizia chini: Daktari ajulishwe. Akatia sahihi, akaliweka faili kwenye meza ya wauguzi, akaenda kitanda cha kumi moyo mweupe.

Saa sita alirudi kumtazama. Hakuna sindano, hakuna picha, mguu vilevile. Hasira zikampanda, akaenda mezani kwa Mama Pacha, aliyekuwa akipanga vidonge kwenye vikombe.

"Huyu daktari yuko wapi tangu asubuhi?"

"Daktari yupi?"

"Wa leo, jamani."

Mama Pacha akanyoosha kidole ukutani bila kuinua uso. "Daktari wa leo ni wewe."

Kalamu akaitazama ile karatasi. Halafu akakimbia. Aliiandika ile sindano, akaichoma mwenyewe, akapiga simu chumba cha picha, akakisukuma kitanda mwenyewe hadi huko. Damu ilikuwa imeganda mpaka nyuma ya goti, lakini haijasogea. Ilikuwa bahati tu, na yeye alijua hivyo.

Aliporudi aliuliza kwa sauti ya chini, "Lile faili ulilisoma saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani utakumbuka mwenyewe. Halafu kazi zikanizidi." Mama Pacha akasukuma kikombe kimoja kikae sawa na vingine. "Zamani ningekupigia kelele kutoka mwisho wa wodi. Sasa nimfundishe daktari kazi yake?"

Saa nane bingwa alikuwa ofisini, kitabu kiko wazi, kalamu iko mkononi. Mgonjwa alikuwa salama. Kalamu angekaa kimya, na ile sahihi ingekuwa yake. Akasema yote.

"Uliandika daktari ajulishwe."

"Ndiyo."

"Ukamsubiri."

"Nikamsubiri."

Mdomo wa bingwa ulitaka kucheka, ukajizuia. "Na muuguzi wa zamu? Faili halikupita mezani kwake?"

Neno moja hapo, na Mama Pacha angeitwa kwenye kamati na kuvuliwa uongozi wa zamu. Tena lingekuwa neno la kweli, na Kalamu alikuwa na uchungu wa kutosha kulisema.

"Lilipita. Lakini wa kuamua nilikuwa mimi. Nilijijulisha mwenyewe, daktari, kisha nikaondoka."

Bingwa akafunika kalamu yake. "Miezi mitatu zaidi. Unapima vizuri kuliko hawa vijana wangu. Ila bado unageuka kutafuta mtu nyuma yako. Hayupo."

Mama Pacha alikuwa ameketi pale mezani Kalamu aliporudi wodini.

"Amesaini?"

"Bado. Miezi mitatu."

"Umenitaja?"

"Sikukutaja."

Kalamu akasubiri. Alitamani achekwe. Alitamani aambiwe kwamba tangu dunia iumbwe hajaonekana mtu wa kujitumia ujumbe kisha akalalamika haujafika, na wote wawili wavunjike mbavu, waende chai. Hata matusi angeyapokea kwa mikono miwili.

Mama Pacha akasimama. Akanyoosha sare yake, akakivuta kile kiti alichokuwa amekalia, akamsogezea.

"Kaa, daktari," akasema. "Asante."

Akaenda zake vitandani kwa hatua za haraka, hakugeuka. Kalamu akakaa, akafuta macho kwa kiganja, akavuta faili la kitanda cha kumi, maana hakuna mwingine ambaye angelifungua.